Miwani ya Mkamuaji

Katika shamba moja la ng'ombe wa maziwa, juu ya Njoro kuelekea msitu wa Mau, aliishi mkamuaji mmoja aliyeitwa Nderitu, naye alivaa miwani ya kike. Jambo hilo lazima litangulie mengine yote, kwa maana hata Nderitu mwenyewe alijua kwamba mgeni hawezi kusikia neno lake kabla hajamaliza kuitazama.

Fremu yake ilikuwa ya rangi ya waridi. Pembeni ilichongoka kwenda juu kama pembe za mtamba, na kila upande ulikuwa na vijiwe vitatu vilivyometameta jua likivipata. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye uso mzito wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka ishirini. Akiivaa, alifanana na jogoo anayekwenda kuposa.

Aliipata kwa mama mzee wa bwana mwenye shamba. Mama huyo alipochoka na baridi ya Njoro na kurudi kwao Uingereza kutafuta baridi nyingine, aligawa vitu vyake kwa waliomtumikia. Mpishi alipewa birika. Gachanja, nyapara wa shamba, alipewa koti zito la marehemu mumewe, akalivaa tangu siku hiyo mvua na jua, hata kwenye joto la mwezi wa pili, jasho likimtiririka na kola ikiwa imesimama. Nderitu alipewa miwani, kwa sababu siku moja mama mzee alimkuta nyuma ya zizi akisoma kitabu alichokiegemeza kwenye nguzo, yeye mwenyewe amesimama hatua mbili nyuma.

Alikuwa amejifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minane, katika banda la kunyolea kondoo, benchi moja na watoto waliomsahihisha kwa furaha. Miaka minne baadaye herufi zikaanza kumkimbia. Mungu alikuwa amemfungulia mlango, kisha akapunguza taa. Kwa hiyo siku alipoivaa miwani ile na kuona nukta juu ya herufi i, alikaa chini kwenye samadi akalia, na ng'ombe wakamtazama.

Mtu mwingine angeificha. Lakini Nderitu alikuwa amebatizwa na mwinjilisti mmoja aliyewafundisha kwamba mwenye upendo hangoji kuombwa mara ya pili. Wenzake waliyapokea mafundisho hayo kama watu wanavyopokea habari za hali ya hewa. Nderitu aliyapokea kama maagizo ya kazi. Ng'ombe hakamuliwi siku unapojisikia, anakamuliwa kila siku mara mbili, kunyeshe kusinyeshe, uwe unampenda au alikukanyaga jana. Akaona upendo nao ni hivyo hivyo, akaanza.

Miwani ikazunguka. Wanawake waliiazima kutunga uzi kwenye sindano na kuchagua mawe katika maharagwe. Bibi harusi mmoja alipanda lori la maziwa nayo hadi Nakuru, akapigwa picha ameivaa, ingawa macho yake yalikuwa mazima kuliko ya mwewe. Mzee mmoja aliichukua ili autazame mlima Menengai vizuri, akaanguka kwenye mtaro, akairudisha akilalamika kwamba inasogeza mashimo karibu.

"Siku moja utaazimisha hata mimi," mkewe Rahab alimwambia.

"Nani ataomba?" Nderitu akauliza, akakwepa gunzi la mahindi.

Sasa, kulikuwa na jambo moja alilolitamani, na wakati miwani iko kwa watu hakuacha kulifikiria. Alitaka kusoma kanisani. Kanisa lao lilikuwa ghala la zamani la ngano, la mabati pande zote, na kila Jumapili msomaji alikuwa Gachanja. Nyapara alikuwa amefika darasa la sita kwa wamisheni, na sauti yake ilijaa mabati mpaka njiwa wakahama. Juu ya Nderitu alikuwa na neno moja alilolirudia kila palipokuwa na watu wa kulisikia.

"Yule hasomi. Anashika kitabu tu, kama anavyoshika ndoo."

Neno hilo lilimuuma Nderitu kuliko kwato. Kuitwa maskini alikuwa amezoea, na kuhusu miwani alichekwa kila siku akacheka pia. Lakini yale maneno aliyoyapata kwa aibu, herufi baada ya herufi, katikati ya watoto, hakutaka mtu amnyang'anye.

Basi mwaka ule wa hamsini na nane ikatangazwa kwamba mchungaji atakuja kutoka Nakuru Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita, kuhubiri juu ya upendo. Wazee wa kanisa wakakaa, wakasema hiyo sura ya Paulo kwa Wakorintho asome Nderitu, maana yeye ndiye anayeifanyia mazoezi. Gachanja alipoambiwa, hakubisha hata kidogo.

"Vizuri," alisema upesi mno. "Asome. Tutasikia."

Nderitu akajiandaa kwa wiki sita. Nafasi aliyokuwa nayo ni ya kukamua tu, kwa hiyo alikiweka kitabu juu ya sanduku la chumvi ya ng'ombe, akasoma mikono ikiwa kazini. Siku ambazo miwani ilikuwa matembezini, alirudia kwa kichwa alichokisoma jana. Ng'ombe walimsikiliza kwa adabu, isipokuwa mmoja aliyeitwa Deizi. Huyo alikuwa na aya yake. Nderitu akifika pale Paulo anaposema habari za uvumilivu, Deizi alinyanyua mguu akapiga ndoo, kila asubuhi na kila jioni, kana kwamba amengojea mahali hapo hapo.

Ikafika Jumamosi. Rahab alimpokonya mumewe miwani baada ya chakula cha mchana, akaifunga kwa kitambaa, akaizika ndani ya debe la unga.

"Leo hapana, Baba Wangare," alisema. "Akija mtu, mwambie imekufa."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Basi mimi nitasema. Wewe kohoa."

Walikuja watu watatu kabla ya saa tisa. Rahab akasema, Nderitu akakohoa, na wa tatu akamshauri anywe mwarobaini. Wa nne alikuwa Wamaitha, mjane aliyeishi mwisho wa safu ya vibanda. Huyo hakuomba kitu. Alisimama mlangoni ameshika bahasha iliyofunguliwa, akaigeuza mara mbili.

Kila mtu alijua imetoka kwa nani. Mwanawe Ngigi alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, na mwaka wa nne sasa alikuwa kizuizini. Barua iliyotangulia, ya mwaka juzi, Wamaitha aliipeleka kwa nyapara ili asomewe. Gachanja aliisoma kwa ile sauti yake ya kanisani, na kabla ya jua kutua shamba lote lilijua kwamba Ngigi ana minyoo. Wiki nzima watu walimletea mama huyo dawa za minyoo na kumpa pole.

"Mimi najua kusoma kidogo," Wamaitha alisema, akiitazama bahasha. "Kidogo kidogo. Macho ndiyo yanakataa. Hii nilitaka niisome mwenyewe, hata nikimaliza kesho."

Rahab alifungua mdomo aseme miwani imekufa. Akaufunga. Nderitu alikohoa bila kuombwa.

"Ungeisomea hapa, Mama Ngigi," alisema kwa matumaini. "Kiti kipo."

Wamaitha alitazama kiti, akamtazama Rahab, akatazama majirani wawili waliosogea kuota jua ukutani ghafla na masikio yao. Nderitu akaelewa kwamba huko si kusoma peke yako. Akaenda kwenye debe, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoka na miwani nyeupe kama mzuka.

"Nitakuletea alfajiri," Wamaitha alisema.

Alipoondoka, Rahab alimtazama mumewe kwa muda. Kisha akachota unga uliomwagika, akaurudisha kwenye debe, hakusema neno. Kwake hilo lilikuwa tendo kubwa la upendo.

Alfajiri Wamaitha hakuja. Nderitu alikamua, akakabidhi makopo kwa dereva wa lori, akanawa, akavaa shati la Jumapili, kisha akaenda haraka hadi mwisho wa safu. Alimkuta mjane anafagia uwanja ambao ulikuwa tayari safi, anaimba.

"Anarudi," alisema. "Mwezi wa nane. Nimesoma mara tano, na mara zote anarudi."

Nderitu akamshika mikono yote miwili. Wakasimama hivyo, wakitabasamu kama watu wanaopigwa picha. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, miwani iko wapi.

"Nimempa Kimaiyo. Alikuja asubuhi kuazima, ana funza miguuni hawezi kukanyaga, na mkewe haoni wapi pa kutia sindano. Nikajua hata wewe usingemnyima."

Na ni kweli, Nderitu asingemnyima. Akakimbia kwa Kimaiyo, mchunga ndama, upande wa pili wa mto. Kimaiyo alikuwa amekaa nje, miguu kwenye karai la maji ya chumvi, ana furaha.

"Watano wametoka," alitangaza. "Wa sita amebaki ila ni mdogo, tumezoeana."

"Miwani, Kimaiyo."

"Imeshachukuliwa na mtu. Akaniapisha nisimtaje."

"Alivaa nini?"

Kimaiyo akafikiri. "Nikikwambia alivaa nini, nitakuwa nimemtaja."

Hapo Nderitu, kama asingekuwa na haraka, angeelewa yote. Lakini kengele ililia wakati huo huo, ile sahani ya jembe la trekta waliyoigonga kwa nyundo, na kichwani mwake hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Akakimbia kupanda mlima akiwaza labda mtu huyo yuko kanisani, labda atampa mlangoni.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi kwenye madirisha. Akapenya hadi benchi la mbele, akakaa, akafuta jasho, akainua macho. Mbele ya watu alisimama mchungaji kutoka Nakuru, mtu mnene, mpole, mwenye kola nyeupe, na juu ya pua yake vijiwe sita vinametameta.

"Ndugu zangu," mchungaji alisema, "nilifika stesheni ya Njoro na miwani yangu salama. Kutoka stesheni nimeletwa kwa tela la trekta. Kwenye shimo la mwisho niliruka, na niliporudi chini nikaikalia." Akaonyesha vipande viwili. "Ningekuwa kipofu mbele yenu leo. Lakini namshukuru ndugu nyapara Gachanja, ambaye aliivua miwani yake mwenyewe puani, akaniazima."

Kanisa zima likakishika kicheko kwa meno. Mwanamke mmoja alijifunika kanga usoni, na mzee aliyewahi kuanguka mtaroni akatazama dari. Kila mtu mle ndani alikuwa ameivaa miwani ile walau mara moja. Gachanja alikaa pembeni mwa mchungaji ndani ya koti lake, kola imesimama, na alikuwa anatazama viatu vyake kama mtu anayesubiri viondoke naye.

"Sasa tusomewe neno," mchungaji akasema. "Mzee Nderitu."

Nderitu akasimama. Hatua kutoka benchini hadi mbele zilikuwa saba, na katika hizo saba aliyapima yote. Miwani iko mbele yake, umbali wa mkono. Aseme tu, mchungaji, naomba hiyo nisomee. Lakini kile kicheko kilikuwa mlangoni mwa midomo ya watu, na neno lolote juu ya miwani lingekifungulia. Kingemwangukia Gachanja mbele ya mgeni, na mtu mwenye sauti ile hangepata tena mahali pa kuiweka. Kwa hatua mbili hivi wazo hilo lilimfurahisha Nderitu sana. Alijiona akiwa amesimama mbele na miwani yake, Gachanja akipungua ndani ya koti mpaka libaki koti tu.

Akafika. Gachanja akainua macho, wakatazamana. Nderitu alikuwa ameyaona macho kama yale kwa ndama aliyekwama kwenye seng'enge. Ndama wa namna hiyo huulizi ni wa nani.

Alikichukua kitabu, akakifungua, akaona ukungu. Akaanza.

Alianza vizuri. Alikuwa nayo sura yote kichwani, imeingia kwa wiki sita kupitia mikononi, na sauti yake haikutetemeka. Alipita pale penye shaba na matoazi. Watu wakanyamaza, kicheko kikarudi tumboni. Mchungaji alitikisa kichwa polepole kwa kukubali. Ila sura ile iliingia kichwani mwake pamoja na kila kitu kilichokuwa katika banda la kukamulia, na sasa vyote vilianza kutoka kwa mpangilio ule ule.

"Sogeza mguu," Nderitu akasoma, kwa sauti ile ile ya Paulo.

Benchi la mbele lote likasogeza miguu.

Akaendelea na unabii na siri zote na maarifa yote. "Rudi nyuma kidogo, mama," akasoma, na wanawake wa benchi la pili wakarudi nyuma, wakawabana wa tatu. Mchungaji akasogeza kitabu chake mwenyewe karibu na ile miwani, akafuata mistari kwa kidole. Nderitu alisikia alichokisema, jasho likamtoka, akajaribu kuruka mbele, lakini mtu anayesema kwa kichwa hawezi kuruka. Akipoteza hatua moja anapoteza njia. Na mbele yake aliiona inakuja ile aya ya uvumilivu, akajua hana la kufanya.

Aliifikia. Akaitamka vizuri, neno kwa neno, na bila kupumzika akaongeza, "Deizi, ukiipiga ndoo hii leo nitakupeleka kwa mchinjaji, shetani wewe."

Mchungaji alifungua ukurasa wa pili, akamtafuta Deizi.

Hapo mabati yalipasuka. Watu walicheka mpaka watoto wachanga wakaamka na kucheka nao. Nderitu hakukimbia. Alisimama katikati ya kelele, akamaliza sura yote hadi mwisho, akaongeza "haya, malishoni," kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, akakifunga kitabu. Wakati wa kukifunga, kila aliyekuwa mbele aliona kwamba alikuwa amekishika juu chini.

Njiani kurudi, watu waligawanyika. Wengine walisema miwani ndiyo iliyomponza. Wengine walisema hapana, hata asiyeona anajua juu na chini ya kitabu, kumbe nyapara alisema kweli, yule hushika tu. Nderitu alitembea nyuma ya wote hao, akasikia pande zote mbili.

"Ungedai tu miwani yako," Rahab alisema nyumbani, akimwekea chai.

"Ningedai."

"Kwa nini hukudai?"

"Umewahi kumwona Gachanja bila koti?"

"Hapana."

"Mimi nilikaribia kumwona," Nderitu akasema, akanywa chai.

Jumatatu, wakati wa kukamua jioni, Gachanja aliingia bandani. Alisimama kando ya sanduku la chumvi, akatoa miwani mfukoni, akaishika kama yai.

"Nilitaka kukurudishia jana."

"Hapana shaka."

"Sikutaka kumpa mchungaji. Niliichukua kwa Kimaiyo nijaribu kusoma orodha ya nyimbo, basi. Mchungaji akashuka kwenye tela analia na vipande vyake, na mimi nilikuwa nayo puani." Akaigeuza ile miwani mkononi. "Akaniambia, hata wewe unaona shida, ndugu? Ningemjibu nini?"

Nderitu aliendelea kukamua. Maziwa yalilia ndani ya ndoo. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mikono yangu imekuwa mifupi. Tangu Pasaka nasoma kwa kichwa. Mke wangu ananisomea Jumamosi, mimi nakariri."

"Kwa hiyo wewe pia husomi."

"Nashika kitabu."

"Kama ndoo."

"Kama ndoo," nyapara akakubali.

Nje, ukungu ulikuwa unashuka kutoka Mau, ukaingia bandani bila kubisha hodi na kuwafuta ng'ombe wa mwisho mmoja mmoja. Nderitu alifuta mikono kwenye aproni.

"Kaa nayo," alisema. "Jumapili unasoma wewe. Usiifiche mfukoni, vijiwe vinang'oka."

Gachanja aliivaa. Na koti lile, na kola ile, na mbawa zile za waridi, hata Deizi aligeuza shingo amtazame. Nderitu aliuma shavu kwa ndani mpaka likauma kweli. Nyapara akainamia kile kitabu juu ya sanduku la chumvi, akakaa hivyo muda mrefu, midomo ikicheza, kidole kikitembea juu ya herufi alizokuwa hajaziona vizuri tangu mwaka jana. Kisha akaivua. Akaifuta kwa pindo la koti, akainyoosha.

"Soma wewe kwanza," alisema. "Mimi nikusikie."

"Nina ng'ombe."

"Nitashika ndoo."

Nderitu akaivaa, akakisogeza kitabu. Gachanja akachuchumaa kando ya Deizi na ndoo kati ya magoti, koti likiburura kwenye samadi. Nderitu akasoma polepole, kidole chini ya kila neno, akakwama kwenye neno moja refu, akarudi, akalitenganisha vipande vitatu, akalipata. Hakukumbuka kitu, alisoma. Akafika kwenye ile aya ya uvumilivu, akaisoma, na Deizi akanyanyua mguu.

Maziwa yote yaliingia ndani ya koti kupitia kwenye kola. Gachanja hakusogea. Yalimtiririka hadi kwenye viatu.

"Endelea," akasema.